Sahihi Kwenye Karatasi Tupu

Mtaani watu husema mambo yalimharibikia Don Eliseo siku tarishi wa mahakama alipobisha hodi. Si kweli. Yaliharibika miezi saba kabla, Jumanne ya tarehe kumi na nne Machi, mwaka 2017, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, ndani ya ofisi yenye kiyoyozi, na yaliharibika huku mwenyewe akicheka.

Alikuwa amekwenda kubadilisha gari. Lake lilikuwa Corolla ya kijani ya mwaka tisini na sita, iliyomlisha kwa miaka kumi na minne. Viti vya nyuma aliving'oa zamani ili apakie ndizi za kupika, maparachichi na mihogo, na juu ya paa alifunga kipaza sauti kwa waya. Sasa alitaka pikapu ndogo, ile nyeupe yenye bodi ya mbao aliyokuwa akiipita kila siku barabarani ikimkonyeza. Atoe lake, aongeze kidogo kidogo kila mwezi, achukue ile. Aliongozana na binti yake Nereida, aliyekuwa akikaanga sambusa za nyama nje ya zahanati. Nereida alisoma mpaka darasa la nane, kwa hiyo ndiye msomi wa nyumba.

Duka lilikuwa la Licenciado Peguero. Licenciado ni mtu mwenye shahada. Shahada ya nini, hakuna aliyejua wala aliyethubutu kuuliza. Katika nchi yetu hii, cheo kikishapachikwa mbele ya jina la mtu hakikaguliwi tena. Kinachokaguliwa ni gari la maskini.

Na lilikaguliwa. Alitoka kijana wa mauzo aitwaye Amauri, suruali imembana kama soseji, manukato yametangulia hatua tatu. Mkononi alikuwa na sumaku ya kubaini penye lipu chini ya rangi. Akaizungusha kwenye milango, inashika hapa, inaanguka pale, na kila ilipoanguka aliwaita wenzake waje waone.

"Mzee wangu, hii ni gari au keki? Mbona unga mtupu?"

"Injini ni ya kwake mwenyewe," alisema Don Eliseo. "Haijawahi kufunguliwa."

"Hata bibi yangu moyo ni wa kwake mwenyewe, na simuuzi."

Wakacheka. Don Eliseo naye akacheka, maana mtu aliyekuja kuomba bei hucheka anapochekwa. Amauri akafungua mlango, akaziba pua kwa harufu ya ndizi zilizoiva, akabonyeza kitufe karibu na usukani. Kipaza sauti juu ya paa kikalia uwanja mzima:

"Ndizi! Ndizi mbichi, ndizi mbivu! Mama toka nje, usije ukalia kesho! Parachichi siagi tupu!"

Ilikuwa sauti ya Zunilda, mke wa Don Eliseo, na Zunilda alikuwa na miaka minne kaburini.

"Loo! Na huyu mama naye anauzwa humo humo?" aliuliza Amauri. "Tunamlipa pesa ngapi kwa mwezi?"

Don Eliseo alipanda kwenye boneti na viatu vyake vya Jumapili, akakata waya kwa koleo, akateremsha kipaza sauti na kisanduku chake, akavitia kwenye gunia.

"Hiki hakiuzwi."

"Basi nakata elfu tano kwenye bei," alisema Amauri akiandika. "Gari limepungua kifaa."

Nereida alimvuta baba yake mkono. "Baba, twende. Watu wenyewe hawa hawana adabu."

"Twende wapi? Kwa mwenye adabu ambaye hana pikapu?"

Alitarajia peso laki moja na nusu. Walianza na sabini, wakapanda kwa manung'uniko mpaka tisini na tano elfu, kama vile kila elfu ilikuwa inang'olewa mdomoni mwao bila ganzi. Kisha wakaingizwa ofisini kwa Licenciado mwenyewe, na humo hali ya hewa ikabadilika. Kahawa ililetwa kwenye vikombe vidogo. Licenciado alisimama, akampa mkono mpole, akamwita Don Eliseo, Don ya heshima, mara sita ndani ya dakika moja, akasema watu wa aina yake ndio wanaoibeba nchi. Kilemba cha ukoka kikamkaa mzee kichwani sawasawa.

Ndipo karatasi ikatolewa. Ilikuwa hati ya kuuza ile Corolla. Penye jina la mnunuzi, patupu. Penye tarehe, patupu. Bei, patupu. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja wa sahihi, na kalamu ya dhahabu imelazwa juu yake.

"Samahani, Licenciado," alisema Nereida. "Mbona hapa hapajaandikwa kitu?"

"Binti, ndivyo tunavyofanya wote. Muulize yeyote."

Kwa hilo alisema kweli. Kwetu gari hupita mikono mitano likiwa na hati iliyosainiwa na yule wa kwanza, nafasi za majina zimeachwa wazi, mpaka karatasi inachakaa kwenye mikunjo. Hata makasisi huuza hivyo.

"Lakini jina litabaki la baba."

"Kwa wiki mbili tatu, mpaka nipate mteja. Nikijaza jina langu leo, serikali inadai kodi ya kuhamisha. Nikimuuzia mwingine, inadai tena. Kodi hiyo nitaikata wapi? Kwenye bei ya baba yako." Licenciado akamgeukia mzee, akashusha sauti. "Don Eliseo, niambie kwa haki ya Mungu. Hiyo serikali imewahi kukupa nini?"

Hapo alikuwa ameweka kidole penyewe. Zunilda alifia hospitali ya serikali, kwenye kitanda kisicho na shuka, na glavu za daktari alizinunua Don Eliseo duka la ng'ambo ya barabara. Waziri alikuja mwezi uliofuata kukata utepe wa lango jipya la hospitali hiyo hiyo. Tangu hapo mzee alikuwa hawezi kusikia neno serikali bila kutema mate.

"Serikali haijanipa hata plasta," alisema.

"Sasa unataka kuichangia?"

"Wacha ife njaa!" Akacheka, akavuta kalamu.

"Baba, tusubiri. Tumwonyeshe mtu."

"Nereida, mimi nilianza kusaini kabla wewe hujaota meno."

Akasaini. Sahihi yake ilikuwa nzuri, kubwa, E yenye mkia unaozunguka jina lote kama kamba ya mzigo. Ndicho kitu pekee alichoweza kuandika bila kutokwa jasho. Zunilda alimfundisha kwenye karatasi za mifuko ya unga, usiku baada ya usiku, ili asiwe mtu wa kuweka kidole. Licenciado akaitazama, akasema, "Sahihi ya rais hiyo." Mzee akasaini na risiti ya pikapu, akaondoka na pikapu yake nyeupe, miwani ya mbao machoni.

*

Pikapu ilifanya kazi. Sauti ya Zunilda iliendelea kuuza ndizi mitaani, safari hii kutoka paa jeupe, na malipo ya kila mwezi yalipelekwa siku ile ile, hata mwezi ambao ndizi zilipigwa na upepo.

Ijumaa ya tarehe ishirini Oktoba, mchana, walikuwa mezani. Tarishi wa mahakama alikuja na pikipiki. Akaomba maji kwanza. Akapewa ya barafu, akayanywa yote, akashukuru, akasifu harufu ya maharage. Kisha akafungua mkoba, akatoa bahasha, akamwambia Don Eliseo asaini kwamba ameipokea. Mzee akasaini vizuri kama kawaida yake.

Nereida alisoma akiwa amesimama. Alisoma mara mbili, midomo ikitikisika.

"Sema basi, mwanangu, au imeandikwa Kichina?"

"Wanasema Jumapili ya tarehe ishirini na nne Septemba gari lako lilimgonga mama mmoja kwenye njia panda ya kwenda mtoni. Casilda Rosario. Alikuwa anauza mikate ya kukaanga. Amekatwa mguu, baba, chini ya goti. Dereva aliliacha gari hapo hapo, akakimbia."

"Pikapu iko hapo nje. Haijamgonga hata kuku."

"Si pikapu. Corolla."

Don Eliseo aliweka kijiko chini.

"Wanadai milioni tatu," aliendelea Nereida. "Na kama huna, wanaomba nyumba hii ishikwe."

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na ukumbi. Zunilda aliijenga kwa kufulia watu nguo, akinunua matofali kumi kumi kila Jumamosi, akiyapanga chini ya kitanda yasiibiwe. Kuna miaka walilala juu ya ukuta wa sebule.

"Kesho tunakwenda kwa Licenciado," alisema mzee. "Atatoa ile karatasi, mambo yaishe."

Nereida alifunika chakula cha baba yake kwa sahani nyingine, kikakaa hapo mpaka kikapoa.

*

Safari hii hakukuwa na kahawa. Walikalishwa nje juani, kwenye viti vya plastiki, kwa saa moja na nusu, wakimwona Licenciado kupitia kioo akila embe kwa uma.

Amauri alipita mara tatu kabla ya kuwatambua.

"Corolla ya kijani? Mzee wangu, hapa yanapita magari kama nzi."

"Ile uliyoiita keki."

"Aa, ile!" Akacheka peke yake. "Ile ilitoka wiki ile ile. Alichukua jamaa mmoja wa mji wa Cotuí. Naye nasikia aliibadilisha na pikipiki mbili. Baada ya hapo simjui."

"Na karatasi yangu?"

"Karatasi inakwenda na gari, mzee. Mwenye gari ndiye mwenye karatasi."

"Mwenye gari amekimbia."

"Basi amekimbia nayo."

Walipoingizwa hatimaye, Licenciado hakusimama. Alimsikiliza Nereida huku akijipangusa vidole kimoja kimoja. Kisha akavuta faili, akageuza risiti ya pikapu ili waione.

"Soma hapo, binti."

Nereida akasoma. "Malipo ya awali, elfu tisini na tano. Pesa taslimu."

"Umeona neno gari hapo?"

"Lakini hatukukupa pesa. Tulikupa gari!"

"Mimi nakwenda na kilichoandikwa. Na mzee amesaini." Akagonga kucha juu ya ile E yenye mkia. "Sahihi nzuri, haina ubishi."

Don Eliseo alivua kofia. Alikuwa ameapa njiani kwamba hataivua.

"Licenciado, wewe una watoto. Njoo tu mahakamani, useme kwa mdomo wako kwamba Machi ile gari nililiacha hapa. Neno moja. Sikudai hata senti."

"Nikisema hivyo, Don Eliseo, yule mama atanidai mimi." Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unaunguza. "Sasa wewe ungekuwa mimi, ungelisema?"

Mzee alifikiri. Hilo ndilo lililomkera zaidi baadaye, kwamba alisimama pale kofia mkononi, akalifikiria swali la mwizi kwa uaminifu.

"Ningelisema," alijibu.

"Ndiyo maana unauza ndizi," alisema Licenciado, na simu yake ikaita.

*

Mtu mmoja mtaani, fundi wa redio aliyewahi kufungwa na hivyo kuaminiwa kwa mambo ya sheria, alimshauri mzee aende ofisi ya kodi akaandikishe pingamizi, kwamba gari lina jina lake lakini haliko mikononi mwake.

Alikwenda peke yake, maana Nereida alikuwa na sambusa za kuuza na sasa kila peso ilikuwa na kazi. Akapewa namba themanini na saba. Namba arobaini walipofika, dirisha likafungwa kwa chakula cha mchana. Lilipofunguliwa, mama wa dirishani alikuwa amebadilisha rangi ya mdomo na si kitu kingine.

"Kompyuta inasema gari ni lako."

"Nilishaliuza, mama. Machi."

"Kompyuta haioni."

"Na nilipoliendesha iliniona?"

"Baba, usinichoshe. Una pingamizi au huna?"

"Ninalo."

"Hupokelewi pingamizi kwa gari linalodaiwa. Stika ya kodi ya gari ya mwaka huu hujalipia. Elfu moja na mia tano, pamoja na faini elfu mbili."

"Nilipie stika ya gari nisilolijua liko wapi?"

"Lipo polisi, limeandikwa hapa. Lipia, nikupokelee. Hutaki, mwachie mwenzio dirisha."

Nyuma yake watu walianza kusonya. Don Eliseo akatoa pesa za malipo ya pikapu ya mwezi ule, akazihesabu mara mbili, akazisukuma chini ya kioo. Mashine ikatema risiti. Mama akagonga mhuri, akamrudishia, kisha akapokea fomu ya pingamizi, akaitupia kwenye kikapu ambacho tayari kilikuwa na fomu nyingi zenye vumbi.

"Majibu baada ya siku tisini."

"Kesi ni wiki ijayo."

"Wiki ijayo si siku tisini," alisema mama, na hapo alikuwa sahihi kabisa. Kwa kusoma saa na kalenda, ofisi zetu hazina mpinzani.

*

Siku ya kesi umeme ulikuwa umekatika, na jaji, ambaye kazi yake ni kusikiliza, alisema hawezi kusikiliza bila feni. Hata hivyo aliwaruhusu mawakili waweke vielelezo. Wa upande wa yule mama alikuwa kijana mwenye viatu vya kuchongoka, aliyekubaliana naye kwamba akishinda anachukua theluthi. Kielelezo chake cha kwanza kilikuwa nakala ya risiti ya stika.

"Mheshimiwa, mdaiwa anasema hana uhusiano wowote na gari hili. Basi atueleze kwa nini amelilipia kodi siku nane zilizopita. Nani katika nchi hii hulipa kodi ya kitu kisicho chake?"

Ukumbi ukacheka. Hata jaji alitabasamu, maana kila mtu mle ndani alijua kwamba katika nchi hii watu hawalipi hata ya kitu kilicho chao.

Don Eliseo akainuka. "Waliniambia nisipolipa hawanipokei!"

"Akina nani walikuambia?" aliuliza jaji.

"Serikali."

"Keti, mzee."

Wakili wa bure aliyepewa na mahakama, ambaye alikuwa amemjua dakika kumi tu na bado alimwita Don Eligio, aliandika kitu kwenye daftari. Nereida alichungulia. Alikuwa anachora nyumba yenye bwawa la kuogelea.

Kesi ikasogezwa mpaka Januari. Amri ya kushika nyumba ingejadiliwa siku hiyo hiyo.

Nje kwenye ukumbi mrefu wa mahakama kulikuwa na benchi moja, na kwenye benchi alikuwa amekaa Casilda Rosario. Don Eliseo alikuwa amemtayarishia maneno. Kwa wiki tatu alimwita mwizi kichwani mwake, mwanamke anayetaka matofali ya mwenzake. Akamkuta mama wa miaka hamsini hivi, mweusi, mnene kidogo, gauni la kanisani, kiatu kimoja. Gauni lilipoishia upande wa pili palikuwa na bandeji na pini ya nepi. Magongo aliyaegemeza ukutani, na mtu mmoja aliyepita aliyagonga yakaanguka, hakuna aliyeyaokota.

Mzee akayaokota. Akayashika, hajui ayaweke wapi.

"Wewe ndiye mwenye gari," alisema yule mama.

"Mimi ndiye niliyekuwa mwenye gari."

Casilda alimtazama uso kwa muda mrefu. "Ngoja kwanza. Si ndiye wewe wa ndizi? Usije ukalia kesho?"

"Ndiye mimi. Ile ni sauti ya marehemu mke wangu."

"Nilikuwa nanunua kwako pale njia panda. Ulikuwa unaniongeza moja, mpaka ulipoacha kupita. Siku ile nililiona likija, la kijani. Nikajua ni wewe, ingawa halilii. Ndiyo maana sikukimbia. Nilisimama nikiwa na peso mkononi."

Nereida aligeukia ukuta.

"Mama, nilikuwa nimeshaliuza," alisema mzee. "Naapa kwa kaburi lake. Nililiacha kwa Licenciado Peguero, nikasaini karatasi tupu ili serikali isipate kodi. Basi. Hiyo ndiyo dhambi yangu yote. Yeye anasema si lake, na aliyelichukua kwake alilibadilisha na pikipiki mbili. Sasa wanataka nyumba aliyoijenga yeye."

"Mimi sitaki nyumba yako. Nitapandaje ngazi zake?" Alicheka kidogo, vibaya. "Nilimwambia wakili, nataka mguu wa plastiki na pesa ya kununua unga na mafuta nianze upya. Milioni tatu kaziandika yeye. Aliniambia niweke kidole, nikaweka. Nilijua imeandikwa nini?"

Wakili mwenye viatu vya kuchongoka alitokea mlangoni, akapiga makofi kama anayefukuza kuku.

"Mama Casilda! Nilisema nini? Usizungumze na upande wa pili!"

"Nakuja," alijibu, lakini hakusogea. Alipokea magongo kutoka mikononi mwa Don Eliseo, moja, kisha la pili, akayaweka chini ya makwapa bila kuinuka. Wakili akaita tena. Chini ya ngazi, kwenye kivuli, gari jipya la jaji lilikuwa linawashwa ili lipoe ndani kabla mwenyewe hajashuka.

"Hebu niambie jambo moja, mzee wangu, kabla hajanivuta," alisema Casilda. "Yule wa duka anasema si lake. Yule wa pikipiki mbili alishalitoa. Dereva hana jina. Wewe unalilia hapa mbele yangu kwamba si lako, na mimi, Mungu anisamehe, nakuamini. Basi mimi nimegongwa na gari la nani?"